Machipukizi ya mihindi: niyang'oe au niyaache?

Wiki ya 4

Bustani yangu hapa Wete ni kipande cha nyuma ya nyumba tu, baina ya migomba na ukuta. Masika haya nimepanda mahindi, mbegu aina ya Staha, mashimo 40 kwa mistari minne: sentimita 75 mstari na mstari, 40 shimo na shimo, mche mmoja kila shimo. Samadi ya ng'ombe nilitia kwa wingi. Leo napalilia, naona mihindi ya pembeni karibu yote imetoa watoto chini ya shina, mmoja mmoja au wawili wawili. Ya katikati, inayobanana, haina kitu.

Jirani yangu, mzee wa migomba, alinikuta nimechutama. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akasema: "Mwanangu, hayo yang'oe. Yanamnyonya mama yao."

Kwa migomba simbishii. Yeye huacha mama, mtoto na mjukuu, na mikungu yake inajulikana mtaa mzima. Lakini muhindi hauzai mara ya pili, na chipukizi lake halimrithi mama. Nimeamua kujaribu: mstari mmoja wa pembeni na mmoja wa ndani nang'oa, iliyobaki naacha.

Wiki ya 6

Kung'oa kumenitia hasara. Chipukizi hutoka kwenye kifundo cha chini kabisa, limebanwa na ala ya jani, na ukilivuta unachana na shina lenyewe. Mche mmoja ulilegea mizizi, upepo wa usiku ukaulaza. Miwili iliingia maji kwenye jeraha ikaoza. Nikahamia kwenye kisu, nikakata usawa wa udongo, na hata hivyo baadhi yamechipua tena.

Viwavijeshi vimeingia pia. Naokota kwa mkono kila asubuhi.

Wiki ya 9

Mbelewele zimetoka, ndevu zimefuata. Machipukizi niliyoyaacha yamefika kiunoni, na mengi hayana hindi. Moja limenishangaza: kileleni, pahali pa mbelewele, limeota punje wazi bila maganda. Kunguru wameshazionja. Nikasoma, nikaelewa: kila ua la muhindi huanza na sehemu za kiume na za kike pamoja, halafu upande mmoja hufa, wa kike kwenye mbelewele na wa kiume kwenye hindi. Kwenye chipukizi mara nyingine upande wa kike wa kileleni haufi. Si ugonjwa, wala mbegu haikuharibika.

Wiki ya 12

Nimevuna mabichi. Upande niliong'oa umebaki na mihindi 17, umetoa mahindi 17. Upande nilioacha, mihindi 20 imetoa mahindi 20, na machipukizi yakaongeza matatu madogo ya kuchomea watoto. Nimeyalaza yote ukumbini nikayapima kwa shibiri: kwa urefu na unene sioni tofauti. Hilo ndilo nililotaka kulijua kwa macho yangu.

Shamba langu ni dogo, najua, lakini majaribio ya mashambani Marekani yamepata hayo hayo: kuondoa machipukizi hakuongezi mavuno, na pengine huyapunguza. Jani la chipukizi linajitengenezea sukari lenyewe kwa jua. Na lile lisilozaa, ndevu za mama zikishatoka, sukari yake nyingine huenda kwenye hindi la mama. Ndiyo maana nasema kwa moyo wote kwamba chipukizi si mwizi. Linatokea pale penye nafasi, jua na samadi ya kutosha, na mistari yangu ya pembeni ilikuwa na vyote vitatu.

Nimempelekea mzee mahindi sita, matatu ya kila upande, bila kumwambia yapi ni yapi. Ameyageuza, ameyabonyeza punje, hakuweza kuyatenga. Akaniuliza vuli nitapanda lini, anataka mbegu kidogo. Vuli sing'oi hata moja. Nitabana mashimo nusu ya shamba hadi sentimita 25, niyahesabu machipukizi kila upande.