Nahesabu mawimbi ya bahari nikiwa Luzira

Saa moja asubuhi. Chai, kompyuta, na kelele za malori yanayoshuka Port Bell. Kazi yangu ni takwimu za mawimbi makubwa ya baharini, wanazozitumia wabunifu wa meli. Nikiitaja hapa watu hucheka: bahari ya Uganda iko wapi?

Hadi saa tano nasafisha data za maboya, vifaa vinavyoelea baharini kupima mawimbi. Kinachochosha ni vilele vya ajabu: ni wimbi la kweli au kosa la kifaa, nifute au niache? Tarehe 1 Januari 1995, kwenye jukwaa la gesi la Draupner katika Bahari ya Kaskazini, kipimo cha leza kilinasa wimbi la mita 25.6, ilhali kimo cha mawimbi ya dhoruba ile kwa hesabu zetu kilikuwa kama mita 12 tu. Mabaharia walikuwa wakisimulia mawimbi ya aina hiyo tangu zamani, wakaonekana waongo. Basi mimi sina haraka ya kufuta.

Saa sita anaingia mzee anayejengesha mashua ya kwenda visiwani.

"Injinia, wimbi kubwa la ziwa hili ni mita ngapi? Namba moja tu."

Namweleza: kimo tunachokitaja ni wastani wa theluthi ya mawimbi yaliyo makubwa zaidi. Dhoruba ikidumu saa tatu, wimbi moja humo laweza kukaribia mara mbili ya kimo hicho.

"Kwa hiyo ni moja au mbili?"

Naanza upya. Namwambia pia namba za bahari siwezi kumpa: Victoria haina kina kirefu, upepo hausafiri mbali juu ya maji, kwa hiyo mawimbi yake ni mafupi, yamebanana na yamesimama wima. Nikagusa wimbi la miaka 100, lile kubwa linalotazamiwa kwa wastani mara moja katika miaka 100.

"Ah, wakati huo nitakuwa kaburini!"

Hapana, mzee wangu. Kila mwaka lina nafasi ya asilimia 1 ya kutokea, hata mwaka huu. Chombo kikifanya kazi miaka 25, nafasi ya kulipata inafika kama asilimia 22.

Akanyamaza. Nikadhani limeingia.

"Sasa nikiongeza safu mbili za viti?"

Umeme ukakatika, tukaendelea gizani. Sijui aliondoka saa ngapi. Chakula cha mchana kilikuwa kimepoa na ripoti ya mteja wa Ulaya haijaguswa. Niliimaliza usiku, macho yanawasha.

Simu ikalia. "Injinia, ile namba?"

Nikamwandikia kimo cha ubavu juu ya maji mashua ikiwa imejaa. Chini yake: viti usiongeze.