Mzimu wa nyuzi tatu na mawe manane: kumbukumbu ya mradi wa yadi ya Halloween

Mahali ni yadi ya mbele ya nyumba ya kawaida, Columbus, Ohio. Siku yenyewe ni 31 Oktoba, watoto wanapopita mlango kwa mlango kuomba peremende. Mpango una vitu vitatu tu: mawe manane ya kaburi, mzimu unaopaa barazani na ukungu unaotambaa ardhini. Buibui na mifupa ya dukani tumeiacha makusudi. Yadi iliyojaa vitu vilivyosimama, macho huimaliza mara moja, lakini kitu kimoja kinachosogea polepole humfanya mpita njia asimame.

Saa nazo zimepanga kazi. Watoto huanza kupita saa 12 jioni, jua huzama karibu saa 12 na nusu, na giza la kutosha huingia saa 1. Kwa hiyo mawe lazima yaonekane mawe hata kwenye mwanga. Mzimu ni wa baada ya saa 1.

6 Septemba: kukata mawe

Mbao mbili za polistirini ya waridi, zile za kuzuia baridi ukutani, futi 4 kwa 8, unene inchi 2. Ile nyeupe ya punjepunje inayofungia televisheni haifai, kwa sababu ukiikata inamwaga punje na kingo za herufi hazishiki. Kila ubao hutoa mawe manne ya inchi 24 kwa 36. Kipande kinachobaki, inchi 48 kwa 24, hukatwa vipande vinane vya inchi 24 kwa 6, viwili kwa kila jiwe: kimoja mbele, kimoja nyuma. Huo ndio msingi. Juu ya msingi jiwe linapunguzwa hadi upana wa inchi 20, ili ngazi ionekane pande zote.

Kisu kirefu chenye makali mapya, kipite mara tatu bila kukandamiza. Pasipo makali, povu linang'oka vipande. Kingo zisiachwe zimenyooka: tupa ya mbao ipite pembeni, na mahali pawili au patatu vunja kwa kidole gumba.

Gundi iwe imeandikwa kwamba inafaa kwa povu. Gundi yenye kimiminika cha kuyeyushia hula polistirini kwa ndani, na utagundua asubuhi msingi umebonyea. Rangi ya kupuliza ya kopo nayo hula vivyo hivyo.

Herufi huchorwa kwa penseli, kisha huchomwa kwa chuma cha umeme cha kuyeyushia risasi, kina cha sentimita 1. Fanya nje, upepo ukikutokea mgongoni. Moshi wa polistirini si wa kuvuta. Herufi fupi kuliko sentimita 4 hazisomeki kutoka njiani, kwa hiyo maneno yawe machache. Tumetumia majina ya kubuni, na hakuna msalaba wala mwezi na nyota. Mtaa huu una waliozika wapendwa wao mwaka huuhuu, na yadi ya watoto haistahili kumkumbusha mtu kaburi la kweli.

13 Septemba: rangi

Rangi ya maji ya kijivu cheusi, koti mbili, ya kwanza ikichanganywa na mchanga mkavu uliochekechwa, kikombe kimoja kwa lita moja. Ikikauka, brashi iliyofutwa karibu yote ipitishwe juujuu na kijivu cheupe, iguse vilele tu. Mwisho, rangi nyeusi sehemu moja na maji sehemu nne, ipulizwe kutoka juu ya jiwe na kuachwa itiririke yenyewe. Michirizi hiyo ndiyo inayodanganya jicho, kwa kuwa mvua huchafua jiwe kwa njia hiyohiyo. Ukipaka kwa brashi, michirizi itaelekea pande zisizo na maana.

Kazi hii isisubiri Oktoba. Rangi nyingi za maji hazishiki vizuri chini ya nyuzi 10 za Selsiasi, na usiku wa Ohio hufika huko mapema.

20 Septemba: mota

Ya kusogeza mzimu ni mota ya waipa ya gari, ya kuokota kwa wauza vyuma chakavu. Ina gia ya skrubu ndani, haina kelele nyingi na ina nguvu kupita mahitaji. Umeme unatoka kwenye pawa saplai ya kompyuta ya zamani: waya wa njano volti 12, mwekundu volti 5, wa machungwa volti 3.3, mweusi hasi. Waya wa kijani ukiungwa na mweusi wowote, pawa saplai inawaka. Boksi lenyewe lisifunguliwe, kwani kapasita zake, vijisehemu vinavyohifadhi umeme, hubaki na chaji hata baada ya kuchomolewa.

Tulihesabu mizunguko kwa dakika: kwa volti 12 ni 44, kwa volti 5 ni 17, kwa volti 3.3 ni 10. Kumi ndiyo inayofaa. Kwenye 17 mzimu unaonekana unafukuza nzi.

Mota nyingi za waipa hutumia gamba lake kama hasi. Pima kwa mita kabla ya kuifunga kwenye chuma chochote, na weka fyuzi ya ampea 10 kwenye waya wa chanya.

27 Septemba: fremu na nyuzi

Hapa ndipo mradi unaposimama au kuanguka.

Fremu, ya kufungwa darini, ni umbo la T, mbao za inchi 1 kwa 3. Mbao mtambuka ina urefu wa mita 1.2, na kila ncha ina skrubu yenye kitanzi kwa ajili ya mkono. Katikati kuna kitanzi cha tatu, cha kichwa. Mota imefungwa kwenye mguu wa T, shafti ikitazama chini, na shafti imebeba mkono wa bati nene wa sentimita 10. Mwisho wa mkono huo kuna bolti, na nyuzi zote tatu zinatoka kwenye bolti hiyo moja, zinapita kwenye vitanzi vyake, kisha zinashuka kwa mzimu.

Kwa nini uzi mmoja unapanda wakati mwingine unashuka? Bolti inapozunguka husogea karibu na kitanzi kimoja huku ikienda mbali na kingine. Tulipoweka mota sentimita 90 nyuma ya mbao mtambuka, mikono miwili ilinyanyuka karibu pamoja, kama mtu anayefanya mazoezi asubuhi. Tulipoisogeza hadi sentimita 30, mikono ikapishana vizuri: mmoja unafika juu, mwingine uko njiani kushuka. Kipimo hicho ndicho cha kuchezea kwanza kabla hujagusa kingine chochote.

Mkono wa mota wa sentimita 10 huvuta uzi kama sentimita 20. Kwa mikono ya mzimu ni sawa, kwa kichwa ni nyingi mno. Wazo la kutoboa tundu la pili karibu na shafti kwa ajili ya uzi wa kichwa halifai: uzi huo utagonga bolti ya nje kila mzunguko. Suluhisho ni kapi ndogo kichwani. Uzi unashuka kutoka kitanzini, unapita kwenye kapi, unapanda tena na kufungwa kwenye msumari ulio sentimita 8 pembeni mwa kitanzi. Mwendo unapungua nusu, na kwa kuwa kichwa sasa kinaning'inia kwa nyuzi mbili zilizoachana, hakizungukizunguki ovyo.

Uzi usifungwe moja kwa moja kwenye bolti, maana utajiviringisha hadi mzimu upande darini. Funga nyuzi zote kwenye pete moja inayocheza huru kwenye bolti, kati ya washa mbili, na nati yenye nailoni ya kufungia ndani. Acha nafasi ya milimita 2. Nati ya kawaida hulegea na kudondoka ndani ya saa moja.

4 Oktoba: mwili

Kichwa cha kuwekea wigi, kimechimbwa nyuma ili kiwe chepesi, macho yamekandamizwa ndani na kupakwa nyeusi. Mabega ni henga ya waya. Viganja ni waya uliokunjwa vidole vitano, na kila kiganja kimeongezwa nati za chuma hadi gramu 80. Uzito huo una kazi yake: kiganja chepesi huacha uzi ulegee kikiwa kinashuka, na uzi uliolegea hunasa.

Nguo ni mita 5 za shashi ya pamba. Ichanwe kwa mikono, isikatwe kwa mkasi, kisha ilowekwe kwenye lita 4 za maji na kikombe kimoja cha sabuni ya maji ya kufulia, na ianikwe bila kusuuzwa. Dawa ya kung'arisha iliyomo kwenye sabuni huwaka buluu chini ya taa ya UV, ile ya mwanga wa urujuanimno usioonekana. Mvua ikiinyeshea, mng'ao unaweza kupungua. Basi shashi ivalishwe siku yenyewe.

11 Oktoba: jaribio la usiku

Makosa matatu yameonekana.

Kwanza, nyuzi ziliwaka. Mshipi wa plastiki ung'aao, hasa wenye rangi ya buluu kwa mbali, hupokea UV na kuonekana mistari mitatu mizuri kutoka darini. Tumebadilisha na mshipi mweusi wa kusukwa, wa kubeba kilo 15. Huu hauwaki, wala haunyumbuki.

Pili, ukuta mweupe wa baraza ulirudisha mwanga. Kitambaa cheusi kisichong'aa kimetandazwa nyuma. Plastiki nyeusi isitumike, inametameta.

Tatu, upepo. Shashi ni tanga. Mzimu umesogezwa ndani ya baraza, mita 5 kutoka njia, na pindo la nyuma limefungwa kwa uzi mmoja uliolegea hadi sakafuni.

Taa za UV ni mbili, zimefichwa nyuma ya nguzo kila upande. Mtazamaji asione balbu.

18 Oktoba: ukungu

Mashine ya moshi ya wati 1000, maji ya glikoli. Moshi hutoka wa moto na kupanda. Ili utambae unapitishwa kwenye kasha la barafu la kubebea soda: ndani kuna wavu wa waya uliokunjwa kama handaki, kilo 9 za barafu ya vipande juu yake, bomba la sentimita 10 la kuingilia upande mmoja juu, na la kutokea upande wa pili chini. Kati ya mdomo wa mashine na bomba acha wazi sentimita 7. Ukiziba, moshi hukosa hewa ya kuchanganyika nayo na unageuka maji ndani ya bomba.

Barafu kavu, yaani kaboni dioksidi iliyogandishwa, haikutumika. Hutoa gesi hiyo nyingi, na kasha likiwa karibu na mlango wa nyumba, hutuama ndani.

25 Oktoba: kusimika

Nyuma ya kila jiwe kuna vipande viwili vya paipu ya PVC ya nusu inchi, urefu sentimita 45, vinavyovalia kwenye nondo mbili zilizopigwa ardhini sentimita 45. Kabla ya kupiga nondo popote Marekani, piga simu namba 811 siku chache za kazi mapema, waje bure kuweka alama za bomba la gesi na nyaya. Waya wa intaneti huwa karibu sana na uso wa ardhi.

Hesabu ya umeme: sakiti ya ampea 15 kwa volti 120 ni wati 1800, na kwa kazi ya saa nyingi usizidi 1440. Mashine ya moshi 1000, taa za UV 40, taa nne za LED za buluu 40, pawa saplai kama 60. Inatosha, ila birika la umeme jikoni likiwa kwenye sakiti hiyohiyo litaangusha swichi. Soketi ya nje iwe ile yenye kinga ya mshtuko. Viungo vya ekstensheni vinakaa juu ya tofali chini ya beseni lililofunikwa, kwa sababu umande pekee hutosha kuifanya kinga hiyo ikate umeme. Hakuna waya unaovuka njia ya watoto. Kanzu zao ni ndefu na vinyago vinawazuia kuona chini.

31 Oktoba

Nyuzi 6 za Selsiasi saa 12 jioni. Mota ilikataa kuanza kwa volti 3.3, grisi ilikuwa imeganda. Tukaianzisha kwa volti 5 dakika mbili, kisha tukahamisha waya. Mwakani kutakuwa na swichi ya njia mbili.

Hadi saa 1 mawe yalifanya kazi peke yake. Wazazi wawili waliyagonga kwa kucha kuhakikisha kama ni jiwe. Taa za UV ziliwashwa saa 1 na dakika 5. Barafu ilidumu saa moja na nusu, kwa hiyo mfuko wa pili unahitajika.

2 Novemba

Mashine ya moshi imepitishwa maji yasiyo na chumvichumvi, yale ya pasi, hadi mvuke utoke bila harufu. Nyuzi zimekatwa na kutupwa. Ule wa kichwa ulikuwa umelika nusu pale unapopita kitanzini. Mahali hapo patawekwa kapi ya pili. Mawe yamepangwa wima gereji, kadibodi kati ya jiwe na jiwe, maana yakilala, rangi yenye mchanga hukwangua jirani yake.