Nilivyopima Ruta za Nyumbani Mwenyewe Badala ya Kuhesabu Antena

Kila niliyemuuliza ni ruta gani ya Wi-Fi inifae nyumbani alinijibu kwa kuhesabu antena. Fundi aliyekuja kuvuta kebo alisema nne hazitoshi, shemeji yangu akanisisitizia nitafute yenye nane, na muuzaji akanigeuzia boksi ili nisome namba kubwa iliyochapwa mbele yake. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza kuta za nyumba ni za nini, laini yangu ya intaneti ina kasi gani, wala vifaa vinavyoitegemea ni vya namna gani. Niliudhika kiasi cha kuapa kwamba ruta itakayobaki nyumbani kwangu itabaki kwa sababu nimeipima, nikaazima mbili kwa watu ninaofahamiana nao, nikaziweka kando ya ile niliyopewa na mtoa huduma, na kazi ikaanza.

Namba ya kwenye boksi si uongo, ila inajibu swali ambalo mtumiaji hakuuliza. Ruta inayoitwa AX3000 hupata jina hilo kwa kujumlisha megabiti 574 kwa sekunde za bendi ya gigahezi 2.4 na megabiti 2,402 za bendi ya gigahezi 5, kisha jumla ikakadiriwa kwenda juu kidogo. Simu ya kawaida hutumia bendi moja kwa wakati mmoja, kwa hiyo jumla hiyo ni sawa na kuongeza mwendo wa gari linalopita barabara hii na mwendo wa gari linalopita barabara ile, kisha kumwambia abiria kwamba atasafiri kwa mwendo wa yote mawili. Tena hizo megabiti 2,402 hupatikana tu pale ruta na kifaa vyote viwili vinapokubali chaneli yenye upana wa megahezi 160. Simu nyingi huishia megahezi 80, ambako kilele cha kifaa chenye antena mbili ni 1,201. Hata hicho ni kiwango cha hewani tu. Ukiondoa muda wa vifaa kupeana zamu, kuthibitishiana kwamba ujumbe umefika na kurudia uliopotea, mtu anayepata kiasi cha nusu yake au zaidi kidogo hana sababu ya kulalamika.

Ushauri wa pili ulionikera ni ule wa kufungua tovuti ya kupima kasi ya intaneti na kuamua kwa jibu lake. Tovuti hiyo hupima njia nzima hadi kwenye seva ya mbali, na sehemu nyembamba kuliko zote katika njia hiyo kwa kawaida ni laini unayolipia. Kama laini ni ya megabiti 100, ruta ya bei ya chini na ruta ya kifahari zitakuonyesha mia ileile ukiwa umesimama karibu nazo, nawe utaondoka ukiamini kwamba zinalingana. Mimi niliunganisha kompyuta ya mezani kwa kebo kwenye ruta, nikawasha humo programu ya bure iitwayo iperf3 ikiwa upande wa kupokea, kisha nikatembea ndani ya nyumba na kompyuta ya mkononi ikituma na kupokea. Kwa njia hiyo intaneti haihusiki kabisa, na kinachopimwa ni ruta, hewa na kuta. Kabla ya hapo nilipima kebo yenyewe, kwa sababu mlango wa gigabiti moja hutoa takriban megabiti 940 za kazi halisi, na nisingependa kulaumu mawimbi kwa kosa la kebo iliyochakaa.

Nilibandika vipande vya utepe sakafuni ili kompyuta ikae mahali palepale kila ruta ilipobadilishwa, jambo lililowafurahisha sana watoto, ambao kwa muda walinitambulisha kwa wageni kama mpima viwanja. Wacheke watakavyo, lakini sogeza kompyuta kwa urefu wa mkono mmoja tu na namba inaweza kubadilika kuliko tofauti ya ruta mbili unazozishindanisha. Mlango ukifungwa hubadilika pia, na saa za jioni, majirani wote wanapokuwa nyumbani, bendi ya gigahezi 2.4 huwa kama si ile ya asubuhi. Anayekuletea namba moja aliyoipata mara moja akiwa ameketi kando ya ruta hajapima kitu.

Mezani, ruta yenye antena nyingi iling'ara kweli, ikazipita nyingine kwa mbali. Katika chumba cha nyuma, ng'ambo ya kuta mbili za zege, ubora wake uliyeyuka hadi ikawa inaizidi kwa kiasi kidogo mno ile ndogo ambayo bei yake ni kama theluthi tu. Sababu si fumbo. Nguvu ya kurusha mawimbi ina kikomo cha kisheria ambacho mtengenezaji haruhusiwi kukivuka hata aongeze antena ngapi. Ukuta mnene hupunguza mawimbi ya gigahezi 5 kuliko ya 2.4, na simu, yenye antena ndogo na betri ya kuhurumiwa, nayo lazima isikike inapojibu. Antena za ziada husaidia kuyaelekeza mawimbi na kuhudumia vifaa kadhaa kwa pamoja, sikatai, lakini hazitoboi zege. Kilichonipa faida kubwa kuliko kubadilisha ruta yoyote kilikuwa kuitoa nyuma ya televisheni, ambako bamba la chuma lilikuwa limeifunika upande mmoja, na kuipandisha juu ya rafu ukumbini. Kipimo cha nguvu ya mawimbi, ambacho huwa bora kadiri kinavyokaribia sifuri, katika chumba cha nyuma kilitoka jirani na hasi 80, ambako simu inaonyesha alama ya Wi-Fi na haifungui chochote, kikapanda hadi karibu na hasi 67, ambako mazungumzo ya video yanaenda bila kukwama.

Kisha ukaja mkasa wa diski, ambao nausimulia kwa raha kwa sababu wataalamu wangu wote walishindwa nao. Ruta ndogo niliyokuwa nimeanza kuipenda ilikuwa na mlango wa USB 3.0, nami nikachomeka humo diski ya nje ili kompyuta za nyumbani zihifadhi nakala zake. Ghafla printa na kamera ya mlangoni, ambazo hujua bendi ya gigahezi 2.4 peke yake, zikaanza kupotea mtandaoni na kurudi zinapotaka. Fundi alitangaza kwamba ruta ni dhaifu na nahitaji kifaa cha kurefusha mawimbi. Mtu mwingine alilaumu majirani, hoja ambayo angalau ilikuwa na akili, kwa hiyo nikapitia chaneli 1, 6 na 11, ambazo ndizo zinazoweza kukaa pamoja katika bendi hiyo bila kukanyagana, nikaipa kila moja muda wake. Hali haikubadilika. Oveni ya maikrowevu, ambayo nayo huchafua bendi hiyohiyo, ilikuwa imezimwa saa zote za tatizo.

Nilichokuwa nacho ambacho wao hawakuwa nacho ni daftari. Nilikuwa nimeandika saa za kila kipimo, na nilipozitazama niliona kwamba kasi ya gigahezi 2.4 ilianguka kila kompyuta ilipokuwa inaandika nakala kwenye diski, ilhali gigahezi 5 haikutikisika hata kidogo. Nikaanza kuchezea jambo hilo. Nikawasha iperf3 ikimbie mfululizo, nikaanza kunakili faili kubwa kwenda kwenye diski, na namba ikaporomoka mbele ya macho yangu. Nikasimamisha kunakili, ikapanda. Nikachomoa diski kabisa, ikapanda zaidi. Nilirudia hata pale ambapo hapakuwa na haja tena, kwa utamu tu wa kuona namba inanitii. Maelezo yake yanajulikana miaka mingi: data ya USB 3.0 hupita kwenye waya kwa kasi ya gigabiti 5 kwa sekunde, na kelele ya umeme inayotokana nayo hutapakaa hadi ndani ya gigahezi 2.4. Kampuni ya Intel ilichapisha waraka kuhusu jambo hilo mwaka 2012. Diski yangu ilikuwa imelala kando ya antena ya ruta kana kwamba imewekwa hapo kwa makusudi.

Dawa ilikuwa rahisi kwa namna ya kuchekesha. Nilitafuta kebo ndefu zaidi yenye kinga nzuri ya chuma ndani yake, nikaisogeza diski mbali na ruta, na katika mipangilio nikaushusha mlango ule ufanye kazi kwa kiwango cha USB 2.0, kwa kuwa nakala zinaandikwa usiku na hakuna anayezisubiri. Printa haijapotea tena, na kifaa cha kurefusha mawimbi hakijanunuliwa. Ukikutana na ruta inayosifiwa kwa mlango wake wa USB, ulizia kama mipangilio inakuruhusu kuushusha kiwango hivyo, kwani zipo zinazokubali na zipo zisizokubali.

Kasi, hata hivyo, ndiyo sehemu ndogo ya raha ya mtandao wa nyumbani. Mke wangu hufanya mikutano ya video, na malalamiko yake hayakuwa kwamba intaneti iko polepole bali kwamba sauti inakatika mtoto anapopandisha video zake. Nilifungua dirisha la amri ya ping nikaiacha ihesabu: laini ikiwa tupu, jibu lilirudi kwa milisekunde ishirini na kitu, upakiaji ulipoanza, likaruka hadi mamia kadhaa. Vifaa vya njiani hupanga data katika foleni ndefu mno, na sauti ya mkutano inakwama nyuma ya video nzima. Jim Gettys, mhandisi wa Marekani, ndiye aliyelitangaza sana tatizo hili kuanzia miaka ya 2010 na 2011, na suluhisho la tatizo hilo limo katika ruta kadhaa kwa jina la SQM, yaani usimamizi erevu wa foleni, likitumia kanuni kama fq_codel na CAKE. Unaiambia ruta ibane laini chini kidogo ya uwezo wake, mimi nikaweka kama asilimia 90, ili foleni ikae ndani ya ruta ambako inaweza kupangwa kwa haki. Milisekunde zikarudi chini ya hamsini hata upakiaji ukiendelea. Ruta ya kifahari ilikuwa na kitu chenye jina la kuvutia kinachodai kuwapa wachezaji wa michezo kipaumbele, na kipimo hakikuona tofauti yoyote kati ya kukiwasha na kukizima.

Tahadhari ya haki ni kwamba SQM huitumikisha sana prosesa ya ruta, kwa maana data haipiti tena njia ya mkato ya maunzi. Kwenye laini ya megabiti mia moja ruta ndogo inamudu. Kwenye laini ya gigabiti inaweza kuwa ndiyo inayokubana. Kwa hiyo pima na ikiwa imewashwa.

Kuhusu usalama sikupoteza muda, kwa sababu nilikuwa nimejua ninachotaka: ulinzi wa Wi-Fi wa WPA3 au angalau WPA2 wenye neno la siri refu, WPS, ile njia ya kuunganisha kifaa kwa kitufe au namba fupi, izimike, na neno la siri la msimamizi libadilike siku ya kwanza. Udhaifu wa namba ya siri ya WPS uliwekwa hadharani Desemba 2011. Tarakimu zake nane hukaguliwa kwa mafungu mawili, hivyo mvamizi anahitaji majaribio kama 11,000 tu badala ya mamilioni. Nililotazama kwa makini zaidi ni historia ya masasisho ya programu ya ndani. Nilienda kwenye ukurasa wa mtengenezaji nikasoma tarehe, na ruta ambayo sasisho lake la mwisho lilikuwa la miaka mingi iliyopita niliiondoa kabla hata ya kufikiria kuiazima. Nilipendelea pia ile inayokubali OpenWrt, kwani programu hiyo huria huendelea kupata masasisho hata mtengenezaji anapokuwa amekwisha kuisahau bidhaa yake. Ile iliyonidai nifungue akaunti mtandaoni ndipo nibadilishe jina la Wi-Fi ilinipandisha hasira isiyo ya lazima.

Mwishowe nilibaki na aina ile ndogo. Wapo walionishauri ninunue mfumo wa meshi, yaani vituo kadhaa vinavyopokezana mawimbi, kwa ajili ya chumba cha nyuma, na si ushauri mbaya kwa asiyeweza kuvuta kebo, mradi ajue kwamba kituo cha pili kinachopokea na kurusha kwa redio ileile hupoteza karibu nusu ya kasi. Mimi niliweza kuvuta kebo juu ya dari. Ruta ya zamani ya mtoa huduma niliifungia huko nyuma, nikaizima kazi ya kugawa anwani, nikaipa jina na neno la siri vilevile vya ruta kuu, nikaiweka chaneli 11 huku nyingine ikiwa chaneli 1. Kebo inaingia katika mlango wa kawaida, si ule wa intaneti, la sivyo nyumba inakuwa na mitandao miwili na printa haionekani kutoka upande wa pili. Nilipima tena juu ya utepe wa chumba cha nyuma: zaidi ya megabiti mia nne kwa ruta ambayo kila mshauri alinitaka niitupe.