Presha ya mama na betri ya moyo

Jana jioni nimempima mama presha nyumbani, mashine ikaonyesha 148/82, mapigo 38. Mikono iliniisha nguvu. Betri yake ya moyo, yaani pacemaker, kile kifaa kidogo cha kifuani, imewekwa ili mapigo yasishuke chini ya 60, sasa 38 imetoka wapi? Nikajua betri imekufa.

Tukakimbilia zahanati. Nesi, Mungu ambariki, hakugusa mashine kwanza. Alimshika mama kifundo cha mkono, macho kwenye saa dakika nzima, halafu akamsikiliza kifuani. Mkononi 40, kifuani 74! Kumbe moyo wa mama una mapigo ya ziada yanayowahi kabla haujajaa damu, hayafiki mkononi kwa nguvu, mashine inayaruka. Mdundo ukiwa hivyo hata presha inaweza kusomeka vibaya, kwa hiyo akampima kwa ile ya kupampu kwa mkono, mara tatu: wastani 136/80.

Nilidhani betri inatibu na presha. Hapana, inalinda kasi ya mapigo tu, vidonge vya mama viko palepale. Na mashine ya nyumbani haiidhuru betri, hilo nilikuwa naliogopa sana. Nesi ametuandikia ECG, kipimo cha umeme wa moyo, na kwenda kukaguliwa betri Jumatatu. Mama amelala vizuri usiku huu.