Tovuti Moja, Vivinjari Vitatu

Mwaka 2012 nilipewa kazi ya kutengeneza tovuti ya nyumba ndogo ya wageni katika Mji Mkongwe wa Bagamoyo, si mbali na Barabara ya India. Mwenye nyumba alikuwa mama wa makamo aliyeikarabati nyumba ya zamani kwa fedha zake mwenyewe na kuubakiza mlango wake wa nakshi kama ulivyokuwa, hivyo alikuwa na jicho kali la kukagua kazi ya fundi. Mchoro wa mfano niliomwonyesha ulimpendeza kwa sababu vitufe na fremu za picha zilikuwa na kona za mviringo na kivuli chepesi, na vichwa vya habari viliandikwa kwa fonti aliyoichagua yeye. Tovuti ilipokwisha kuwekwa hewani alinipigia simu, akaniambia kwa utulivu kwamba salio la malipo hatalitoa, kwa kuwa alichopewa sicho alichoonyeshwa.

Kesho yake nilipanda basi Mwenge, Dar es Salaam, nikaenda Bagamoyo.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Kaa hapo, kisha unieleze ni ipi kati ya hizi niliyoilipia.”

Mezani kulikuwa na kompyuta ya ofisi yake iliyotumia Windows XP na Internet Explorer 8, kompyuta mpakato ya mpwa wake iliyokuwa na Firefox, na simu yake ya Nokia yenye Opera Mini: vivinjari vitatu, yaani programu tatu tofauti za kufungulia tovuti. Kwenye Firefox kila kitu kilikuwa kama mchoro. Kwenye kompyuta ya ofisi kona zote zilikuwa kali na vivuli havikuwapo kabisa. Kwenye simu hapakuwa na fonti yake, na zile safu mbili za ukurasa zilikuwa zimepangwa kuwa safu moja ndefu ya kwenda chini.

Katika makubaliano yetu nilikuwa nimeandika kwamba mwonekano unaweza kutofautiana kati ya kivinjari na kivinjari. Hata hivyo, sentensi ya namna hiyo haimsaidii mteja ambaye hajaiona tofauti yenyewe kwa macho yake, na sikutaka kuitumia kama ngao mbele ya mtu aliyetoa fedha zake kihalali. Nilimweleza kwamba tovuti haisafiri kama picha iliyokamilika. Kinachosafiri ni maandishi, picha na maelekezo ya namna ya kuvipanga, na kila kivinjari kina injini yake inayoyasoma maelekezo hayo na kuuchora ukurasa papo hapo. Internet Explorer 8 ilitolewa mwaka 2009 bila uwezo wa kuchora kona za mviringo wala vivuli kwa maelekezo ya CSS, lugha ya kupangia mwonekano wa tovuti, na toleo la 9, lililokuja na uwezo huo mwaka 2011, halikutengenezwa kwa ajili ya Windows XP. Kwa hiyo Internet Explorer ya kompyuta ile ya ofisi isingeweza kuzionyesha kona zake hata kama angeisasisha usiku kucha. Opera Mini nayo haikuuchora ukurasa ndani ya simu. Ukurasa ulipitia kwanza kwenye seva, yaani kompyuta za kampuni ya Opera, ukabanwa ili uwe mwepesi, ndipo ukateremshwa kwenye simu. Wepesi huo ndio uliowafanya watu wengi wenye simu ndogo na vifurushi vidogo waipende.

Alisikiliza bila kunikatiza, kisha akauliza kama haiwezekani kabisa kuzilazimisha kona hizo kwenye kompyuta ya ofisi. Nilimjibu kwamba inawezekana: kila kona ingekatwa kuwa kipande cha picha na kupachikwa mahali pake. Kazi hiyo ingenichukua siku kadhaa ambazo angezilipia, ukurasa ungekuwa mzito zaidi kwa kila anayeufungua, na mwenye simu angegharamia kwa kifurushi chake mapambo yanayomhusu mtu wa Internet Explorer peke yake. Naamini hapo ndipo mazungumzo yetu yalipogeuka, kwa sababu kufanana sasa kulikuwa na bei yake, naye alikuwa mfanyabiashara aliyejua kupima bei.

“Wageni wangu ni wa aina mbili,” alisema. “Wazungu wananiandikia kutoka kwao. Madereva na mawakala wa Dar es Salaam wananitafuta kwa simu, wengine wakiwa njiani na wageni garini.”

Aliichukua Nokia yake akaanza kuteremsha ukurasa taratibu kama dereva anayetafuta chumba, na safari hii hakuziangalia kona. Alisimama kwenye orodha ya bei. Orodha hiyo ilikuwa bango zuri alilochorewa na msanii wa mjini, naye alikuwa amesisitiza liwekwe lilivyo, kama picha. Kwenye skrini ile ndogo picha ilikuwa imebanwa mno, tarakimu zikawa ukungu mtupu, na namba ya simu iliyokuwa chini ya bango haikusomeka kabisa.

“Huyu dereva atanipigiaje?” aliuliza, akimtazama mpwa wake badala yangu.

Tulishinda mchana ule tukiirekebisha. Bei na namba ya simu ziliandikwa kwa maandishi ya kawaida juu kabisa ya ukurasa, bango likashushwa chini kama pambo, na kila tulichobadilisha tulikifungua kwanza kwenye Nokia, kisha kwenye kompyuta ya ofisi, na mwisho kwenye Firefox. Ile sentensi ya makubaliano niliifuta, na mahali pake nikaandika kwa mkono kwamba katika vivinjari vyote vitatu bei zisomeke, namba ya simu ionekane na fomu ya kuweka nafasi ifanye kazi, lakini kona, vivuli na fonti vionekane pale tu ambapo kivinjari kina uwezo navyo. Akaisoma, akaongeza kwa kalamu yake kwamba bei zisiwekwe tena ndani ya picha, akatia saini, kisha akamtuma mpwa wake alete bahasha ya salio.