Saratani ya matiti inapoacha kuisikia dawa

Mama mdogo wangu aliponiuliza amekosea wapi, nilikosa jibu la haraka. Vidonge vya kuzuia homoni alivimeza kila usiku saa tatu, maji ya kumezea yakiwa yamewekwa mapema kando ya kitanda, na bado kipimo kilionyesha kwamba uvimbe umeanza kukua tena. Jirani alikwisha kumwambia kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Methali hiyo isisemwe mbele ya mgonjwa, kwa sababu kinachoacha kuisikia dawa ni seli ya saratani, wala si mwenye mwili.

Nimesoma sana kuhusu dawa za epijenetiki, maana zimejaribiwa kwa wagonjwa kama yeye, ambao dawa ya homoni imewaishia nguvu. DNA ya seli moja, yenye urefu wa karibu mita 2, huzungushwa kwenye protini ziitwazo histoni kama uzi wa cherehani kwenye kijiti chake. Palipokazwa jeni hunyamaza, palipolegezwa husomeka. Dawa hizi hulenga alama za kikemikali zinazokaza na kulegeza, bila kugusa herufi za jeni zenyewe. Ugumu unaanzia hapo hapo, kwa kuwa alama inayoweza kubadilishwa na dawa, seli nayo inaweza kuibadilisha.

Utafiti ulionifungua macho zaidi ulichapishwa mwaka 2016 na kundi la Kornelia Polyak wa taasisi ya Dana-Farber, Boston. Walichunguza saratani ya matiti isiyo na vipokezi vya estrojeni, projesteroni wala HER2, wakitumia JQ1, kemikali inayoziba mfuko ambao BRD4, protini inayosaidia jeni kusomwa, huutumia kushika alama za histoni. Seli zilizokuwa sugu hazikuwa zimeharibu jeni ya BRD4 ili dawa ikose pa kukaa. Kimeng'enya PP2A, ambacho kazi yake ni kuondoa fosfati, kilikuwa kimepungua nguvu, hivyo BRD4 ikajaa fosfati na kushikamana kwa nguvu na protini nyingine, MED1, bila kuuhitaji ule mfuko. Dawa ilikuwa imeziba mlango ambao hakuna aliyekuwa akiupita tena.

Kwa binadamu matokeo yamekuwa machungu. Mwaka 2013 jaribio la wagonjwa 130 lilionyesha kwamba walioongezewa entinostati, mojawapo ya dawa za epijenetiki, juu ya dawa ya homoni, eksemestani, waliishi kwa wastani wa kati miezi 28.1, na wasioongezewa miezi 19.8. Nilipoyasoma hayo nilijawa na matumaini. Kisha likaja jaribio kubwa zaidi la dawa hizo hizo, E2112, lenye wagonjwa 608, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2021: muda kabla ya ugonjwa kusonga mbele ulikuwa miezi 3.3 kwa walioongezewa entinostati na 3.1 kwa wasioongezewa, tofauti isiyo na uzito.

Hata hivyo, zile seli sugu za Boston ziliendelea kuitegemea BRD4 ile ile, na ndiyo maana watafiti wakapendekeza kuivunja protini yenyewe, au kuchanganya JQ1 na dawa inayozuia kimeng'enya CK2, ambacho ndicho kinachoibandika fosfati.

Nilimweleza mama mdogo haya yote kwa kutumia kijiti cha uzi alichokitoa kwenye cherehani yake. Alikigeuza mkononi kwa muda mrefu, kisha akaniuliza, "Kwa hiyo vidonge nilivimeza sawasawa?" Nikamwambia ndiyo, mama, ulivimeza sawasawa.