Jino la kupandikiza: keke haikunisumbua, kusubiri ndiko kulikonichosha

Tangu nipandikizwe jino, sipiti sokoni Wete bila kusimamishwa. Swali la kwanza ni lile lile: kweli taya linatobolewa kwa keke? Kweli. Linatobolewa ili itiwe skrubu ya kubeba jino la bandia, na unachosikia ni mtikiso na kelele tu, maana ganzi imeshakolea. Kung'olewa gego lenyewe, miaka mingi nyuma, kuliniuma zaidi. Kilichonichosha ni kusubiri, na hilo hakuna aliyenambia mapema.

Gego lilikuwa la chini, upande wa kulia. Pengo likikaa sana meno ya jirani huanza kulilalia, la juu nalo hushuka, na mfupa hupungua kwa kukosa kazi. Daktari wa kwanza niliyemwendea alitaka kunitilia daraja, yaani ayachonge meno mawili ya pembeni yabebe la katikati. Daraja linamfaa mtu ambaye meno yake ya jirani yameshaharibika. Yangu mazima, ya nini kuyachonga? Wa pili akaniahidi nitaingia asubuhi na jioni nitatoka na jino langu, na hata picha hakupiga. Nikaondoka.

Nilikotulia ni Dar es Salaam, kwa daktari aliyeanza na maswali: sukari iko vipi, unavuta sigara, unakula tambuu, kuna dawa za mifupa unatumia? Kisha akanipiga picha inayoonyesha taya pande zote, akanionyesha kwenye kompyuta mshipa wa fahamu unaopita ndani ya taya la chini. Skrubu ikiugusa, mdomo unaweza kubaki na ganzi. Akapima kwa milimita nafasi kati ya mshipa na ncha ya skrubu. Anayetaka kukutoboa taya la chini bila kukuonyesha mshipa huo, mkimbie.

Niliomba tarehe iwe baada ya Ramadhani, maana dawa zilikuwa za kila baada ya saa nane. Kazi yenyewe haikuwa ndefu. Akashona, nikapewa dawa, na baada ya kupumzika nikapanda boti kurudi Unguja kwa shangazi yangu.

Hapo ndipo ilipoanza vita ya karafuu. Sisi Wapemba chupa ya mafuta ya karafuu haikosekani nyumbani, na shangazi alinijia nayo pamoja na pamba. "Tia, mwanangu, ndiyo dawa ya meno tuliyokulia." Nikamwambia, "Shangazi, niwie radhi, daktari kakataza." Hakukubali. Na kweli karafuu hutuliza jino linalouma, hata madaktari wa meno wanayo kwenye dawa zao za kuzibia. Lakini mafuta makali juu ya fizi iliyotoka kushonwa yanaunguza nyama. Maneno hayakumwingia. Basi siku hiyo alikuwa amejikata kidole akipara samaki, nikamwomba kwa adabu atie tone moja tu pale kwenye jeraha. Akatia. Akaruka, akaenda kukiosha kidole, na chupa ikarudi kabatini. Maji ya chumvi aliyonichemshia alikuwa na haki nayo, ila si siku ile ya kwanza. Huanza siku ya pili, yakiwa vuguvugu, na huyasukutui kwa nguvu. Unayageuza mdomoni taratibu na kuyaacha yatoke, kwani damu iliyoganda ikibanduka kidonda hubaki wazi.

Uvimbe ulipanda siku ya pili na ya tatu, kisha ukashuka. Barafu nilifunga kwenye kanga, nikaweka shavuni na kuondoa, nikaweka na kuondoa. Chakula kilikuwa uji wa mchele ulioachwa ukapoa, ndizi mbivu za nazi, na changu wa kuchemsha niliyemtoa miiba mmoja mmoja. Urojo niliukosa sana, lakini pilipili na vipande vya bajia havina kazi kwenye nyuzi.

Halafu ndiyo kusubiri. Skrubu ni ya titani, na mfupa hukua ukaishika. Jambo hilo aliligundua profesa wa Sweden, Per-Ingvar Brånemark, akichunguza mifupa ya sungura, na mgonjwa wa kwanza aliwekewa mwaka 1965. Kwa kawaida huchukua miezi mitatu hadi sita. Haikimbizwi kwa dawa wala kwa fedha, na mimi nilitafunia kushoto muda wote huo. Mfupa ulipokamata, daktari akaifungua fizi kidogo, akaweka kifuniko, na fizi ilipotulia akachukua kipimo. Kabla ya kuagiza kofia ya kauri, yaani jino lenyewe linalokaa juu ya skrubu, alinipeleka dirishani, akasogeza kando ya mdomo wangu vijino vya mfano vya rangi mbalimbali, kimoja kimoja, hadi akapata kilichofanana na meno yangu. Sasa nikicheka hakuna anayejua ni lipi.

Gharama ilipita milioni mbili, nauli mbali, na fedha zilitoka kwenye karafuu. Wenzangu wa Pemba, hesabuni safari kadhaa, msihesabu moja. Na jino hili halitoboki kama mengine, lakini fizi yake inaoza ikiachwa chafu, hata mfupa ukaachia skrubu. Mimi napitisha uzi wa meno kila usiku kabla ya kulala, na kwa daktari narudi akague hata kama haliniumi.